Mthibiti ubora akiketi nyuma ya darasa

SWALI: Nimeajiriwa mwaka huu, nafundisha Kuhesabu darasa la kwanza lenye watoto 78. Tumezoeana sana. Nikiingia wananikimbilia, wengine wananiita mama. Sasa wathibiti ubora wa shule (wale tuliozoea kuwaita wakaguzi) wanapita kata yetu na hofu imenishika. Nahofia watoto watatulia kama maji mtungini, au watapiga kelele za "mimi mwalimu, mimi!" hadi nionekane sina udhibiti wa darasa. Nifanyeje?
Mwalimu mpya, Iramba

JIBU: Mwalimu, jiandae kwa yote mawili, na mara nyingi yanafuatana: kwanza kimya, kisha vurugu. Kimya kinaletwa na mgeni. Mtoto wa miaka sita akiona mtu mzima asiyemjua ameingia na mkoba, anawaza sindano. Wageni aliozoea kuwaona darasani ni wa chanjo na dawa za minyoo. Mtoe hofu hiyo kwa maneno machache kabla hujagusa chaki: "Huyu ni mgeni wetu. Atakaa pale nyuma. Amekuja kuona mwalimu anavyofundisha. Hana sindano." Watacheka, na wakicheka umewapata. Kiti chake kiwe nyuma upande wa dirisha, mbali na mlango. Akikaa mbele, shingo zote 78 zitamgeukia yeye. Wimbo wa kumkaribisha wenye beti nne uachwe, kwani kipindi chote ni dakika 30.

Halafu jiangalie mwenyewe. Kosa kubwa la mwalimu mpya siku hiyo ni kubadilika: sauti inapanda, tabasamu linapotea, ghafla kuna fimbo mezani. Watoto wanaona haraka kuliko mthibiti. Kama siku zote unawatuliza kwa makofi, wewe unapiga mawili nao wanajibu matatu, piga hayohayo. Fimbo iache ofisini. Kwa kanuni za mwaka 2002, adhabu ya kiboko iko mikononi mwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, na ya kwako pale mezani itakuletea maswali bure.

Kuzoeana kwenu kutaonekana kwanza kwenye majina. "Wewe wa sweta" haifai, wote wana sweta. Watoto 78 wakikaa watatu kwa dawati ni madawati 26. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi moja, jifunze madawati mawili kwa siku, na baada ya siku 13 za masomo umewamaliza. Wasihame viti katika kipindi hicho, vinginevyo ramani haina kazi.

Kelele za "mimi, mimi" zinatokana na namna ya kuuliza. Uliza swali, nyamaza, hesabu kimoyomoyo moja hadi tano, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, watoto 77 wanapumzika. Ukiuliza bila kutaja mtu, wanajibu kwa pamoja, na ndani ya sauti hiyo nzuri wamejificha kumi wasiojua chochote.

Zana ndizo zinazowaangusha wengi. Tuseme somo ni kutoa namba ndani ya 10 kwa vizibo vya soda. Kila mtoto anahitaji 10, yaani 30 kwa dawati, jumla 780. Ukianza kuvigawa mbele ya mgeni utapoteza dakika sita, vingine vitadondoka sakafuni, na nusu ya darasa itaingia chini ya madawati kuviokota. Vipange mapema kwenye makopo 26, kila dawati na kopo lake, na mtoto mmoja awe mlinzi wa kopo. Unapotaka kuzungumza, sema "mikono kichwani." Mtoto mwenye mikono kichwani hachezei kizibo.

Muda wa andalio la somo, yaani mpango wako wa kipindi ulioandikwa, unaweza kuugawa hivi: utangulizi dakika 5, maarifa mapya 10, kuimarisha maarifa 8, tafakuri 4, hitimisho 3. Maarifa mapya ndiyo hupenda kula muda wa wenzake. Vua saa, iweke mezani.

Sasa jambo ambalo mthibiti mzoefu hulisubiri: mtoto akikosea. Umeandika 8 − 3 na mtoto anajibu "sita" kwa kujiamini. Usiseme "kaa chini." Wala usikimbilie "nani amsaidie mwenzake?" huku yeye amesimama akitazama vidole vyake vya miguu. Mwambie, "Nionyeshe ulivyohesabu." Utamsikia: "Nane, saba, sita." Amehesabu tatu kweli, ila ameanza na nane yenyewe badala ya kuondoa kwanza. Chuchumaa kwenye dawati lake, macho yenu yalingane, apange vizibo nane, aondoe vitatu kimoja kimoja huku akitaja "moja, mbili, tatu", kisha ahesabu vilivyobaki. Ni vitano. Mpe papo hapo 7 − 2 aifanye peke yake, na kabla ya kipindi kuisha mrudie tena kwa jina. Hapo mgeni ameona mtoto asiyeogopa kukosea mbele yako na mwalimu anayejua kosa linatoka wapi. Yote hayo kwa dakika mbili, wakati wenzake wanafanya maswali mawili uliyokwisha kuyaandika ubaoni. Usipowapa kazi hiyo, dakika mbili zinatosha kwa vita vya vizibo.

Kuitwa mama hakuhitaji kusahihishwa. Itikia, endelea.

SWALI: Mwenzangu ananishauri nifundishe somo hilohilo siku moja kabla, na wanafunzi wazito niwatume shamba la shule siku ya ukaguzi. Ni sawa?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Si sawa, na hata ujanja wenyewe haufiki mbali. Darasa la kwanza halina siri. Utaandika swali la kwanza na sauti itatoka katikati: "Mwalimu, hili si tulishafanya jana? Jibu ni tano!" Kuhusu kuwatuma shamba, mthibiti ana andalio lako lenye idadi ya waliohudhuria, wavulana na wasichana, na daftari la mahudhurio. Anahesabu vichwa. Na mtoto aliyefichwa leo anajua kwa nini amefichwa.

SWALI: Mtoto akijikojolea katikati ya kipindi mbele ya mgeni?
Mwanachuo wa ualimu, Mpwapwa

JIBU: Hutokea zaidi siku hizo kwa sababu mtoto anaogopa kuomba ruhusa mbele ya mgeni. Wapeleke chooni dakika kumi kabla ya kipindi, na waambie wazi kwamba leo pia ruhusa ipo. Ikishatokea, wape wengine swali la vizibo, mfunge mtoto kanga (weka moja kabatini muda wote), mtoe taratibu kwa mwalimu wa zamu, urudi. Usitangaze, usiombe msamaha kwa mgeni. Anayecheka mpe kopo akusanye vizibo.

SWALI: Mazoezi yangu ya kufundisha yanaisha Ijumaa na watoto wameanza kulia. Niondoke kimyakimya?
Mwanachuo, Songea

JIBU: Usiondoke kimyakimya, Jumatatu watakusubiri mlangoni. Waambie Jumatano, rudia Alhamisi, na Ijumaa mwalimu wa darasa aingie nawe kipindi cha mwisho ili wamwone anapokea. Usiahidi kurudi kama hurudi. Mwachie ramani ya madawati na makopo ya vizibo. Ni mali ya darasa.