Usipandishe sura ya mwisho kabla hujasoma hapa

Mkuu, simama hapo hapo. Unauliza kama riwaya yako ya majini na vyombo vya angani ni bunilizi ya kisayansi au fantasia, halafu unadokeza juu juu kwamba Desemba hii utamaliza kuipandisha yote bure mtandaoni. Hilo ulilolidokeza ndilo litakalokuumiza.

Nilikesha miezi nikibishana na mhariri mmoja kuhusu novela yangu, yenye mashine inayoendeshwa na mizimu. Akaning'ang'aniza niamue iko upande gani, na wakati nikiamua niitoe bure nipate wasomaji. Nikaitoa tarehe 27 Desemba. Miaka miwili baadaye mchapishaji akaichukua, jalada likapendeza, nami nikafungua kwa furaha masharti ya Hugo, tuzo kubwa ya bunilizi ya kisayansi na fantasia. Kazi huhesabiwa mwaka ilipotoka mara ya kwanza, na kuipandisha mtandaoni ni kuitoa. Nilisoma ule mstari mara tatu, kidole kimeganda juu ya kioo cha simu. Mwaka wangu ulikuwa ule uliobakiwa na siku nne! Nilipomuuliza yule mhariri, akajibu hakujua kama nilitaka tuzo. Alikuwa akilipwa kujua nini sasa? Bado nina hasira naye.

Hata The Martian ya Andy Weir haikuweza kugombea Hugo kama kitabu cha 2014, shirika kubwa lilipoichapa, kwa kuwa alishaitoa mwenyewe 2011. Kitabu kilichosomwa dunia nzima!

Kuhusu aina, usijitese. Hugo hupokea zote mbili. Mwaka 2001 ilimwendea Harry Potter, mchawi mtupu. Tuzo ya Arthur C. Clarke ndiyo inayotaka bunilizi ya kisayansi peke yake, na hapo watakaoamua ni majaji, si wewe.

Tarehe, mkuu, tarehe! Kama umeandika kwa Kiswahili una mlango wa pili: tafsiri ya kwanza ya Kiingereza huifungulia kazi mwaka mpya. Liu Cixin alitoa kitabu chake kwa Kichina 2008, tafsiri ikatoka 2014, akashinda Hugo 2015. Kama umeandika kwa Kiingereza, mlango huo huna.

Lakini umesema umeshapandisha sura tatu tu. Kazi inayotoka kwa vipande huhesabiwa mwaka wa kipande cha mwisho, kwa hiyo hujachelewa. Hiyo sura ya mwisho iache kwenye kompyuta yako, na leo hii niambie: umeandika kwa lugha gani?