Mtoto wa jicho na presha ya macho: upasuaji ni tofauti

Ndugu yangu, umeuliza kama upasuaji wa mtoto wa jicho alioandikiwa mama yako ni ule ule aliofanyiwa jirani yenu mwenye presha ya macho. Hapana. Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyopata ukungu. Daktari hulitia jicho ganzi, hukata tundu la milimita chache, huitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia, kazi ambayo kwa kawaida haifiki nusu saa, na mgonjwa huwa hajalala usingizi, akiona mwanga tu na kuhisi maji yakimtiririka.

Kwa presha ya macho, daktari hufungua njia ya kupitishia majimaji yaliyozidi ndani ya jicho ili yasiendelee kuudhuru mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, na nadhani hilo ndilo linalomsononesha jirani yenu. Upasuaji wa vikope (trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza) ni mwingine kabisa: hurekebisha kope lililojikunja ndani, nywele zake zisikwaruze jicho.

Kama mama ana kisukari, ulizeni iwapo retina yake (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambao kisukari huweza kuudhuru) imekaguliwa kabla ya siku ya upasuaji.