Jibu: Wanafunzi wa Kipolandi na neno "play"

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa Kraków, huko Poland, watu wazima wenye bidii, bado wanasema "play in football", "play on the guitar", na hata "the children play themselves". Si uzembe. Wanaongea Kipolandi kwa maneno ya Kiingereza.

Kwao kazi ya "play" imegawanywa. Mchezo wenye kanuni, kama mpira au sataranji, ni "grać w". Ala ya muziki ni "grać na". Hiyo "w" ni "in" na hiyo "na" ya Kipolandi ni "on"; hapo ndipo zinapojipenyeza. Mtoto akichezea mwanasesere, "grać" haihusiki kabisa. Ni "bawić się", na hiyo "się", yenye maana ya kujitendea mwenyewe, ndiyo inayozaa "themselves". Tena "bawić się" ni kustarehe pia! Mtu aliyefurahia sherehe anaweza kukwambia "I played well", ukabaki kujiuliza alipiga ala gani.

Tamthilia, ambayo kwa Kiingereza nayo ni "play", kwao ni "sztuka", neno jingine kabisa. Hiyo iache kwa sasa.

Mimi nisingewapa orodha ya maana. Wape vipande vizima: "play football", "play the guitar", "play with a doll", "have a good time", kila kimoja kando ya mwenzake wa Kipolandi. Wakilalamika, waambie sisi nasi mpira tunaucheza lakini gitaa tunalipiga. Kisha wape sentensi fupi za Kipolandi wazitafsiri kwa mdomo, haraka, kabla hawajapata nafasi ya kupanga neno kwa neno.