Kuruta wa Chaplin alilazimishwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Mafinga nilitazama na babu yangu filamu ya zamani isiyo na sauti, Shoulder Arms ya Charlie Chaplin. Babu, aliyepitia JKT kwa mujibu wa sheria, anasisitiza kwamba kuruta yule hakwenda jeshini kwa hiari yake, lakini mimi sikuona filamu ikieleza hivyo popote. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu msomaji, babu yako ameona vizuri, na wewe pia macho yako hayakukudanganya. Chaplin alipiga picha za mwanzo zilizomwonyesha mtu huyo nyumbani, baba wa watoto watatu anayeonewa na mke tusiyemwona, kisha akipimwa afya ili aandikishwe, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1917 ilikuwa imeanza kuwaita wanaume kwa lazima kwenda kupigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Sehemu hiyo yote aliikata kabla filamu haijatoka. Ndiyo maana tunamkuta moja kwa moja kambini, na kutotaka kwake kumebaki miguuni: afande anamrekebisha nyayo zinazoelekea pande mbili, naye akigeuka tu zinarudi vilevile. Aliyewahi kupiga kwata huitambua miguu hiyo mara moja.

Wengi hukumbuka usiku anapolala handakini ndani ya maji, akipumua kwa pembe ya gramafoni. Mimi huguswa zaidi na siku ya barua. Yeye hapati yake, basi anasimama nyuma ya mwenzake na kuisoma ya mwenzake juu ya bega, akitabasamu mwenye barua anapotabasamu na kuingiwa na huzuni anapohuzunika, kana kwamba habari zile zimetoka kwao.

Filamu ilitoka tarehe 20 Oktoba 1918, siku 22 kabla mapigano hayajasitishwa Ulaya, na askari waliorejea makwao waliipenda sana. Oktoba hiyohiyo, kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, kilikuwa kikipita Ubena, huko Njombe, jirani zenu kabisa, kikiwa na wapagazi. Nao katika vita ile, upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza, wengi walichukuliwa bila kuulizwa. Kikosi hicho kilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Tafadhali muulize babu kama wazee wake walimsimulia lolote kuhusu wapagazi hao, utuandikie.