Maswali ya Wasomaji: Kwenda Maporomoko ya Sanje na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zinauliza kuhusu Sanje, maporomoko yanayoshuka kwa mikupuo mitatu, jumla ya mita 170 hivi, katikati ya msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mkoani Morogoro. Yaliyoulizwa na wengi tumeyaunganisha.

Tuko vijana sita Dar es Salaam. Tukiondoka alfajiri Jumamosi, tunaweza kufika Sanje, kupanda, na kurudi nyumbani usiku huo huo?
*Msomaji, Mbagala*

Msijaribu. Kutoka Dar hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 350. Barabara kuu inapita Morogoro na kukata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mle ndani mwendo umebanwa kwa ajili ya wanyama. Mikumi mjini mnaiacha barabara ya Iringa na kushika ya kusini kupitia Kidatu. Hata dereva mwepesi atatumia saa sita, na basi huchukua zaidi. Mkifika mtakuta saa sita au saba mchana, na huo ndio wakati wa kuwa mnateremka, si wa kuanza kupanda.

Safari ya siku moja ni ya mtu aliyelala karibu. Ondokeni Ijumaa, mlale Mang'ula, ambako kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, na asubuhi muwe getini linapofunguliwa. Aliyelala Mikumi mjini bado anaweza akiwa na usafiri wake. Anayetokea Morogoro mjini kwa basi tunamshauri naye alale. Akitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, atachukua saa nne barabarani kisha saa nzima ya kujiandikisha na kulipa, na kule juu atafika jua likiwa limeshavuka mlima.

Hilo la jua lina sababu. Mteremko mkali wa Udzungwa umeelekea mashariki, upande wa bonde la Kilombero. Asubuhi maporomoko yote yanapigwa na mwanga, lakini kuanzia alasiri jua hujificha nyuma ya kilele na upande mzima huingia kivulini. Chini ya miti mikubwa giza hutangulia kuliko bondeni, na mtu asiye na tochi hukanyaga mizizi asiyoiona. Kwa hiyo jipangieni kuanza kupanda si baada ya saa tatu asubuhi na kugeuka si baada ya saa nane mchana, hata kama mko katikati ya picha.

Konda alitushusha kijijini Sanje kwa sababu ndilo jina tulilomtajia. Pale tukaambiwa twende kwanza Mang'ula. Kwa nini?
*Msomaji, Kilosa*

Kwa sababu njia inaanzia Sanje lakini taratibu zinafanyikia Mang'ula. Ukitoka Mikumi unaipita Sanje kwanza, kisha unaendelea kusini kama kilomita 10 hadi getini. Pale unajiandikisha, unalipa na kupewa mwongozaji, halafu mnarudi pamoja Sanje kuanza safari. Mwambie konda "Mang'ula, geti la hifadhi".

Watu husahau kwamba kilomita hizo 10 za kurudi zinahitaji usafiri, wa kwao na wa mwongozaji. Kama hamna gari, chukueni bajaji au bodaboda pale Mang'ula, mpatane bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na mlipe sehemu ya mwisho mkisharudishwa. Dereva aliyelipwa zote asubuhi si lazima awepo saa tisa.

Malipo ya hifadhi hayafanyiki kwa fedha taslimu. Mnapewa namba ya malipo ya serikali, mnalipa kwa simu, benki au kadi. Wekeni salio la kutosha kwenye simu tangu Ijumaa, na simu iwe na chaji. Kila mtu aje na kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria, maana viwango vya raia wa Afrika Mashariki viko chini sana kuliko vya wageni na asiye na uthibitisho hawezi kuvidai. Kabla ya kulipa, ulizeni namba ile inajumuisha nini, kiingilio peke yake au na ada ya mwongozaji pia.

Rafiki yangu anasema wenyeji wana vinjia vyao na mtu anaweza kupita bila kulipa. Ni kweli?
*Msomaji, Ifakara*

Vinjia vilikuwepo. Wanakijiji waliwahi kuruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu, lakini ruhusa hiyo ilikoma 2011, na leo anayekutwa ndani bila kibali anakamatwa. Hata sheria ikiwekwa kando, tusingekushauri. Hifadhi hii haina barabara ndani yake, kila kitu ni kwa miguu, na tembo na nyati hutumia njia zile zile za watu. Tembo wa milimani hupanda miteremko usiyoitarajia, na msituni unaweza kuwa hatua kumi kutoka kwake bila kumwona. Mwongozaji husoma kinyesi kibichi, matawi yaliyovunjwa, na ukimya wa ghafla wa ndege. Pia anajua ni jiwe gani la kuvukia limelegea tangu mvua za mwisho.

Tuvae nini, na tubebe nini?
*Msomaji, Mlandizi*

Anzeni na viatu. Njia ya mzunguko wa Sanje ni kama kilomita tano tu, lakini huchukua saa nne hivi kwa sababu karibu yote ni kupanda au kushuka. Kiatu kifunike kidole, kifungwe kwa kamba, na soli yake iwe na meno makali ya mpira laini. Gambuti za shambani zinakinga tope vizuri, lakini nyingi zina soli ngumu ambayo haishiki jiwe lililolowa. Ndala na yeboyebo zibaki nyumba ya wageni. Kiatu kipya nacho kivaliwe kwanza wiki nzima mjini, la sivyo malengelenge yatatokea wakati wa kushuka, kidole kinaposukumwa mbele kila hatua.

Jinzi haifai, kwani ikilowa huwa nzito na inabana magoti. Suruali nyepesi ndefu, soksi ndefu zilizovutwa juu ya suruali, na fulana ya akiba iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hata bondeni kukiwa na joto la kutoa jasho, ukungu wa maporomoko unaloanisha, na mtu aliyekaa nusu saa na nguo mbichi huanza kutetemeka.

Maji ni lita mbili kwa kila mtu, si kwa kila wawili. Chakula kiwe cha kushika mkononi: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga. Ongeza pakiti moja au mbili za chumvichumvi za kuchanganya na maji, bandeji pana, na tochi hata kama mnatarajia kurudi mapema. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 2019, kwa hiyo bebeni kwenye begi la mgongoni, mikono ibaki huru. Maganda ya mayai na ya ndizi pia mrudi nayo. Kima wakizoea kula mabaki hufuata mabegi, kisha huyanyakua, na mwishowe huwang'ata wanaokataa kuyaachia.

Fimbo mtapata kwa mwongozaji au mtakata nyumbani. Kuokota na kukata ndani ya hifadhi hakuruhusiwi.

Tumeona picha za watu wakiogelea chini ya maporomoko. Ni salama?
*Msomaji, Tabata*

Hili ndilo swali tunalolijali kuliko yote. Kuna vidimbwi ambavyo mwongozaji huruhusu watu kuingia maji yakiwa chini na yakiwa maangavu, na kuoga pale baada ya kupanda kwa saa mbili ni raha kubwa. Lakini mambo manne yafahamike kabla ya mtu kuvua kiatu.

Usisimame pale maji yanapogonga. Mkondo unaoanguka kutoka juu hubeba mawe na vipande vya magogo, na jiwe la ukubwa wa ngumi likitoka juu kabisa linaua. Zaidi ya hapo, maji yanapogonga huchanganyika na hewa, yakawa meupe na mepesi, na maji ya namna hiyo hayambebi mtu. Hata mwogeleaji hodari huzama humo. Chini yake mkondo hujikunja na kurudi kwenye mwamba, ukimvuta aliyeingia. Kaa upande wa kidimbwi ambako maji yana rangi yake na hayachemki.

Usiruke. Kina cha mwaka jana si cha mwaka huu, maana kila masika maji husogeza mawe na kupandisha mchanga, na gogo lililozama halionekani. Ingia kwa miguu, polepole, ukipima kwa fimbo.

Ajali nyingine hutokea juu, mahali panapoonekana pa utulivu. Kabla ya kuporomoka, maji hutandaa juu ya bamba la mwamba yakiwa membamba, hata kifundo hayafiki, na mtu anasogea ili apige picha ya bonde. Mwamba huo una utando wa kijani unaoteleza kama sabuni, na umeinamia ukingoni. Ukishateleza hakuna cha kushika. Bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa utayaona vizuri ukiwa nyuma, kwenye udongo mkavu penye miti. Ukisikia mwongozaji anasema "basi, mwisho hapo", hapo ndipo mwisho.

La mwisho ni mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha kule juu, ninyi mkiwa na jua kali na bila kusikia hata radi moja. Dalili huja kwa mfuatano: maji maangavu yanabadilika rangi ya chai ya maziwa, majani makavu na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, mawe mliyokuwa mmekalia yanafunikwa, na ngurumo inakuwa nzito. Mkiona moja tu kati ya hizo, ondokeni bila kukusanya vitu. Msikimbie kufuata mto kushuka, pandeni pembeni, juu ya ukingo. Ikiwa mlishavuka na maji yamewakata, subirini upande mlioko. Mito mifupi ya milimani hupanda haraka na mara nyingi hushuka ndani ya saa chache, na kusubiri na njaa ni nafuu kuliko kuvuka maji yaliyofika magotini yakiwa na kasi. Mzigo ulipo mgongoni, legezeni mikanda kabla ya kuvuka kijito chochote.

Agosti si kipindi cha kiangazi? Tutakuta maji kweli?
*Msomaji, Dodoma*

Mtakuta. Milima hii hunasa unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na msitu wake huushika na kuuachia polepole, hivyo Sanje hutiririka mwaka mzima. Juni hadi Oktoba mkondo ni mwembamba na njia ni kavu. Machi hadi Mei maji ni mengi ya kutisha, picha ni nzuri kwa mbali, lakini njia ni tope na vidimbwi havifai kuingia. Kwa anayekwenda mara ya kwanza sisi tungechagua Juni au Julai, mvua zikiwa zimekwisha na maji bado ni mengi.

Kwa upinde wa mvua fika mapema. Upinde huonekana jua likiwa nyuma yako na maji mbele yako, na kwa kuwa Sanje imeelekea mashariki, hiyo ni asubuhi tu, jua likiwa bado chini.

Mama yangu ana miaka 63 na magoti yanamsumbua. Anatamani sana kwenda. Nimzuie?
*Msomaji, Msamvu*

Usimzuie, mbadilishie njia. Shikamoo yetu umfikishie. Sanje ina ngazi na miinuko mirefu, na goti bovu halilalamiki wakati wa kupanda bali wakati wa kushuka, mkiwa mmeshafika mbali na pa kupumzika. Karibu na makao makuu pale Mang'ula kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, matembezi mafupi yasiyofika saa moja, msitu ule ule, na mbega wekundu wa Udzungwa huonekana mara nyingi. Akilimudu hilo vizuri, safari nyingine ajaribu njia ya Sonjo, ya saa mbili na nusu hivi. Akishuka, atangulize fimbo, kisha mguu wenye maumivu, kisha mzima.

Naogopa nyoka na siafu. Kuna dawa ya kujipaka?
*Msomaji, Kigamboni*

Nyoka wengi huondoka wakisikia mtikisiko wa miguu. Tazama tu mahali pa kuweka mkono unapopanda, na usikalie gogo kabla ya kulizunguka. Siafu hawana dawa. Ukikuta mstari wao, vuka kwa hatua moja ndefu bila kusimama. Wakishakupanda, toka kwanza mbali na msafara wao, ndipo uwatoe mmoja mmoja. Anayesimama pale pale kuwapangusa anaongezewa wengine. Kupe mkague jioni, kwapani na kiunoni. Dawa ya kufukuza mbu itakufaa zaidi Mang'ula usiku, kwa sababu bonde la Kilombero lina malaria. Lala ndani ya chandarua.

Maji ya mto yale yanaonekana safi sana. Tunywe? Na kichocho je?
*Msomaji, Mvomero*

Msinywe bila kuyachemsha au kuyatia dawa ya klorini, na baada ya kuitia subirini nusu saa. Juu yenu kuna nyani, nyati na tembo wanaokunywa na kujisaidia humo humo. Kichocho huenezwa na konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na mkondo mkali wa baridi kule juu hauwafai. Hatari iko chini bondeni, kwenye mifereji na majaruba ya mpunga, ambako watu wengi husimama kunawa tope la viatu wakati wa kurudi. Naweni kwa maji ya bomba getini.