Unataka kazi ya TV? Soma hii kabla hujapeleka CV

Kila mwezi lazima nipate meseji za wadogo zangu wa vyuo, "dada nisaidie niingie TV", na karibu wote wanataka kutangaza. Mimi nimekaa miaka tisa kwenye kituo cha televisheni hapa Dar, nilianza field nikiwa nabeba traipodi mpaka nikafika kusimamia taarifa ya habari ya usiku, saivi nafanya shughuli zangu mwenyewe kwahiyo acha niongee kwa uhuru.

Yule unayemuona saa mbili usiku amevaa suti ni mtu mmoja tu. Nyuma yake kuna mwandishi, mpiga picha, dereva, wa kuhariri picha, wa sauti, wa taa, mhariri, na yule anayepanga stori ipi ianze ipi ifuate, na wote hao siku yao imeanza asubuhi kwenye kikao ambacho kila mmoja anatakiwa aje na wazo lake. Kikao kikiisha ndo unaanza mtihani wa gari, timu ziko tano, magari mawili, kwahiyo mnapakiana, mmoja anashushwa Posta mwingine anapelekwa Tegeta, na ukimaliza mapema unamsubiri mwenzako au unapanda bodaboda na kadi ya kamera mfukoni ili uwahi. Ukirudi unaandika skripti, mhariri anaipitia, unaingiza sauti, alafu unapanga foleni ya kuhariri picha na wenzako wote wana haraka kama wewe. Kazi yote hiyo ya kutwa nzima inatoka dakika moja na nusu, na kuna siku haitoki kabisa kwasababu kumetokea kitu kikubwa saa kumi na mbili jioni.

Ushauri wangu wa kwanza basi, jifunze kazi za mikono. Kushika kamera, kurekodi sauti, kuhariri. Hili nimelijua kwa maumivu. Mwaka wangu wa pili mvua zilinyesha Jangwani pakajaa maji kama kawaida yake, barabara ya Morogoro ikafungwa, tukaenda mimi na mpiga picha ambaye naye alikuwa mgeni kazini. Tukampata mama mmoja maji yamemtolea kila kitu ndani, magodoro, unga, madaftari ya watoto, akaongea kama dakika nne hivi, akalia, nami nikalia. Tumefika ofisini tunafungua hamna sauti, maiki haikuwashwa, na hakuna kati yetu aliyevaa hedifoni. Yule mama alikuwa ametupa kitu kikubwa sana kwenye siku mbaya kuliko zote za maisha yake na sisi tumekipoteza kwa swichi moja. Kesho yake asubuhi nilirudi kwa mguu kutoka Magomeni kumuomba radhi, akaniambia mwanangu mimi siwezi kuyasema tena yale. Sikumlaumu. Tangu siku hiyo sijarekodi mtu bila hedifoni masikioni, na kila kijana niliyemfundisha nimemwambia aanze na hilo, vaa hedifoni, muulize mtu amekula nini asubuhi, sikiliza, ndo uanze maswali yako. Na picha usiikimbize, ishikilie sekunde kumi, ya mbali, ya kati, ya karibu, wa kuhariri atakushukuru.

La pili ni mshiko. Ukienda kwenye mkutano na waandishi mwishoni kuna bahasha, wanaita nauli. Watu wa nje wanatusema vibaya ila hawajui kwamba wengi kwenye vyumba vya habari ni makorespondenti, wanalipwa kwa stori iliyotoka, isipotoka hujalipwa na nauli umeshatoa mfukoni. Nami nilipokea, siwezi kudanganya. Nikaacha siku wafanyakazi wa kampuni moja waliponipigia kwamba hawajalipwa miezi mitatu, nikampigia msemaji wa kampuni anijibu, yule yule aliyekuwa ananipa bahasha, akaniambia "dada si sisi ni ndugu jamani?" Yani nilikosa hata pa kuanzia. Ile stori niliiandika lakini kwa mkono mzito, na wale wafanyakazi walistahili bora zaidi.

Sasa hili la mwisho ndo ninalotaka mlishike kabisa, MKATABA. Ukipenda kazi sana hutauliza, utasema ngoja kwanza nionekane. Mimi nilifanya kazi miezi kumi na nne bila karatasi yoyote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi unapoanza. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Na usiku kisheria unaanza saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kila saa ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi, sasa fikiria wewe ambaye taarifa yako ndo kwanza inaanza hiyo saa mbili. Mambo haya nimeyajua nikiwa mwaka wa sita!

Alafu NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 yako na 10 ya mwajiri. Kuona makato kwenye salari slipu hakutoshi, nenda kaombe taarifa ya michango yako. Mimi nilienda wakati najiandaa kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nikijua nipo vizuri, dada wa kaunta akanigeuzia skrini nikaona miezi minane mfululizo hamna kitu, na slipu za miezi hiyo hiyo ninazo kwenye pochi zinaonyesha nimekatwa. Ililipwa baadaye, baada ya kufuatilia karibu mwaka mzima, mtoto keshaanza kutembea. Kwahiyo kila baada ya miezi mitatu angalia, na slipu zako usitupe hata moja.