Maswali yenu: kibadilisha joto cha maji kwa maji kwenye EnergyPlus, programu ya kuiga matumizi ya nishati ya jengo

Nachora mfumo wa maji moto ya sola kwa bweni la wanafunzi. Mzunguko wa sola naunganisha upande wa mahitaji au wa ugavi? (Nzuguni)

Wa mahitaji. Wengi hugeuza, kwa kuwa sola ndiyo inayoleta joto. Lakini programu inauliza kifaa kimekaa upande gani wa kila mzunguko. Kwenye mzunguko wa sola kibadilisha joto ni mlaji, kwa hiyo kinakaa tawi la mahitaji. Kwenye mzunguko wa maji ya kuoga ni mtoaji, kinakaa tawi la ugavi, na huko lazima kitajwe kwenye orodha ya vifaa vinavyoendesha mzunguko. Kisipotajwa hakipewi kazi. Kila mzunguko uwe na pampu yake.

Muuzaji kanipa kilowati tu. UA (wati zinazopita kwenye kibadilisha joto kwa kila nyuzi ya tofauti) naipataje? (Iyumbu)

Mdai na nyuzijoto nne: kuingia na kutoka, pande zote mbili. Tuseme kila upande unapitisha kilo 0.5 kwa sekunde. Maji ya sola yanaingia na 60°C yanatoka na 50. Ya bomba yanaingia na 25 yanatoka na 35. Joto ni 0.5 × 4,180 × 10 = wati 20,900. Mikondo ikipishana, ncha zote mbili zina tofauti ya nyuzi 25, basi 20,900 ÷ 25 = 836 W/K. Andika hiyo, uchague CounterFlow. Ncha zikitofautiana, tumia wastani wa logi wa tofauti hizo mbili. Chaguo la Ideal halijali UA kabisa, liache.

Maji ya kisima chetu yanaacha utando mweupe kwenye birika. Programu inalijua hilo? (Ihumwa)

Hailijui, UA haibadiliki mwaka mzima. Punguza mwenyewe. Bamba safi la kibadilisha joto linalopitisha 3,000 W/m²K likipata ukinzani wa utando wa 0.0001 m²K/W linashuka hadi kama 2,300, na 836 yako inakuwa 640 hivi. Endesha modeli mara mbili, safi na chafu, kisha chagua ukubwa kwa ile chafu.

Niweke glaikoli (kizuia kuganda)? (Mtumba)

Dodoma maji hayagandi. Weka maji matupu.

Usiku tanki linapoa ovyo. (Nzuguni)

Tazama aina ya udhibiti wa kibadilisha joto. Ikiwa UncontrolledOn (bila udhibiti), maji yakizunguka tu joto linarudi kwenye paneli zilizopoa. Weka HeatingSetpointModulated, na joto lengwa ulipange kwenye nodi (kiungo cha bomba) ya kutokea ya upande wa ugavi, si ya kuingilia. Tofauti ya chini ya nyuzijoto ya kuwasha kibadilisha joto huja ikiwa nyuzi 0.01, ndogo mno: pampu itakula umeme kwa joto lisiloonekana. Anza na 3.